Dhahabu itaisha, barabara itabaki: Kanda ya Ziwa idai mbio zake za baiskeli

SHABIKI wa soka wa Shinyanga na Geita amezoea misiba. Stand United, Chama la Wana, ilishuka kutoka Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Mwadui ikafuata msimu wa 2020/21. Geita Gold iliingia kwa kishindo, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza wa 2021/22, ikamtoa mfungaji bora George Mpole kwa mabao 17 na ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu wa 2023/24 nayo ikateremka. Timu tatu ndani ya misimu sita, zote za ukanda uleule wa almasi na dhahabu.

Hata hivyo, upo mchezo mmoja ambao ukanda huu haujawahi kushuka daraja. Ni baiskeli.

Kabla bodaboda hazijajaa mjini, Shinyanga ilijulikana kwa daladala zake zisizo na injini: kijana, Phoenix yake, na kiti cha sponji nyuma kwa ajili ya abiria. Mtu alishuka kwenye basi pale stendi, akapanda baiskeli hadi mlangoni kwake, na nauli haikumtoa jasho. Aliyetoka jasho ni kijana aliyekuwa mbele. Leo bodaboda zimechukua abiria, lakini ukitoka nje ya mji kidogo, baiskeli bado ndiyo gari la familia. Inabeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, maziwa ya asubuhi, mgonjwa wa kwenda zahanati na bibi harusi pia. Mtoto wa huko hasubiri baiskeli ya saizi yake. Anapitisha mguu chini ya bomba la juu la baiskeli ya baba yake, anaendesha akiwa amejipinda upande mmoja, na akifika darasa la nne tayari ana mapafu ya kwenda mbali.

Mapafu hayo na miguu hiyo ni mali. Swali ni nani anayeihesabu.

Kipo kizazi kinachokumbuka ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashindano ya Vodacom Mwanza Cycle Challenge yaliikusanya Kanda ya Ziwa barabarani. Wanaume walikuwa na mbio zao ndefu, wanawake zao, na watu wenye ulemavu nao walishindana kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Watu walijipanga kando ya lami kama vile Simba na Yanga wanapita. Baadaye Simiyu nao wakawa na mbio zao katika Simiyu Jambo Festival. Na hadi leo, sikukuu ikifika, hakosi mtu wa kuandaa mbio za kijiji hadi kijiji, zawadi ikiwa ni fedha kidogo, jembe au mbuzi.

Tatizo ni kwamba mambo haya huja na mdhamini na kuondoka na mdhamini. Hakuna ratiba. Mwendesha baiskeli wa Kishapu hajui Juni ijayo atashindana wapi. Mchezaji wa daraja la nne wa mpira ana ligi ya wilaya, ana kadi, ana kocha hata kama ni wa kujitolea. Mwenzake wa baiskeli ana baiskeli ya mizigo na matumaini tu.

ITALIA WALIANZIA WAPI?

Kila Mei, wakati Ligi Kuu Bara inaingia raundi za lala salama na maneno ya usajili yanaanza kuvuma, Italia wanakuwa kwenye majira yao ya kuchipua na nchi nzima inafuata jambo moja: Giro d'Italia. Kwa wiki tatu waendesha baiskeli wanapita katikati ya mashamba ya mizabibu, vijiji vya vilimani na miji ya kale. Huko mkulima wa zabibu anaacha kazi, anasimama mlangoni na glasi yake ya mvinyo, na ulimwengu mzima unaona shamba lake kwenye televisheni bila yeye kulipia tangazo hata senti moja.

Mbio hizo hazikuanzishwa na serikali. Zilianzishwa mwaka 1909 na gazeti la michezo, La Gazzetta dello Sport, lililotaka kuuza nakala nyingi zaidi. Gazeti hilo huchapwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi, na ndiyo maana tangu mwaka 1931 anayeongoza Giro huvaa jezi ya waridi. Wazo la watu wachache katika chumba cha habari limekuwa utambulisho wa taifa.

Lakini kwa mtu wa Shinyanga na Geita, somo kubwa zaidi haliko kwenye Giro. Liko kwenye barabara za vumbi za Toscana.

Katika eneo la Chianti, linalojulikana kwa mvinyo, zipo barabara za changarawe nyeupe zinazopita kati ya mashamba. Lami ilipokuwa inaenea, zilionekana kama aibu ya umaskini, kitu cha kufukiwa haraka. Mwaka 1997 watu wasiofika 100 walikusanyika katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, wakapanda baiskeli za zamani na kuzunguka kwenye vumbi hilo ili kuonyesha kwamba barabara hizo zina thamani. Waliita tukio lao L'Eroica. Masharti yake yalikuwa ya ajabu: baiskeli iwe ya chuma, ya zamani, na jezi ziwe za sufu kama za enzi za mababu. Leo maelfu ya watu kutoka kila pembe ya dunia hulipa fedha zao kwenda kula vumbi lile. Mwaka 2007 zikazaliwa kutokana na wazo hilo mbio za kulipwa, Strade Bianche, maana yake "barabara nyeupe", zinazomalizikia katika uwanja maarufu wa Piazza del Campo mjini Siena. Ndani ya miaka michache tu zimekuwa miongoni mwa mbio za siku moja zinazoheshimiwa zaidi duniani.

Yaani vumbi ambalo wengine walilionea haya, wenyewe wakaliuza.

Sasa mtu asimame Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, mchana wa Juni, aangalie barabara inayokwenda Geita. Vumbi lile ni jekundu, si jeupe. Hiyo ndiyo tofauti pekee.

MWAFRIKA AMESHAFIKA

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Hoja hiyo ilikufa zamani.

Mei 17, 2022, kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alimshinda Mathieu van der Poel kwenye mita za mwisho za hatua ya kumi ya Giro mjini Jesi, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya moja ya mbio tatu kubwa duniani. Katika kusherehekea jukwaani, alifungua chupa ya mvinyo wa prosecco na kizibo kikamruka jichoni. Kesho yake hakuweza kuendelea. Ushindi wa kihistoria na mkosi wa kihistoria ndani ya saa moja. Lakini hakukata tamaa: mwaka 2024 alirudi akashinda hatua tatu za Tour de France na kubeba jezi ya kijani ya mzee wa mbio za mwisho.

Eritrea si nchi tajiri. Baiskeli waliletewa na wakoloni Waitaliano, na mwanzoni hata kushindana pamoja na Waitaliano hao hakukuwa jambo la kawaida kwa mwenyeji. Wakaichukua baiskeli, wakaifanya yao, na leo Jumapili mjini Asmara ni siku ya mbio kama ilivyo siku ya mpira Kambarage.

Jirani wa karibu zaidi ni Rwanda. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988 kama mashindano ya ndani tu. Ilipofika 2009 ikaingia kwenye kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na bingwa Tadej Pogačar akavishwa jezi yake kwenye vilima ambavyo miaka thelathini iliyopita dunia ilivijua kwa vifo tu.

Na Kigali wanafikaje kutoka Dar es Salaam? Malori yao yanapita Isaka, Kahama na Ushirombo kuelekea Rusumo. Kwa miaka yote hiyo, barabara ya kwenda kwenye mashindano ya dunia imepita mlangoni kwa Wanashinyanga, nao wamekuwa wakiitumia kubebea mkaa.

KILOMITA 500 ZA KWAO WENYEWE

Ramani ya mbio hizo haihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Iko wazi kwa yeyote anayepanda basi la Kanda ya Ziwa. Ni mzunguko wa takriban kilomita 500, unaogawanyika vizuri katika siku nne.

Siku ya kwanza inaanzia CCM Kambarage, uwanja uliowahi kutetemeka Stand United ilipokuwa na nguvu. Msafara unashuka Tinde, unakunja Isaka na kumalizia Kahama. Ni lami, ni tambarare, ni siku ya wenye kasi. Kulia na kushoto ni majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, mibuyu iliyosimama peke yake na mawe makubwa yaliyopangana kama yaliwekwa na mtu. Katikati kuna ngitili, malisho yaliyofungwa kwa desturi ya Wasukuma ili mifugo iwe na nyasi wakati wa kiangazi. Shinyanga ilifika mahali ikaitwa jangwa la Tanzania kwa jinsi miti ilivyokuwa imekatwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioirudisha desturi ya ngitili, na mwaka 2002 ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Equator. Miti inayoonekana leo kando ya barabara si zawadi ya mvua tu. Ni kazi ya watu. Waitaliano wana mizabibu yao ya kuonyesha, Shinyanga ina ngitili.

Siku ya pili ndiyo siku ya kilio: Kahama hadi Geita kupitia Kakola, takriban kilomita 120. Penye lami watapumua, penye vumbi watajuana. Ni katika siku hii mwenye baiskeli ya mamilioni atagundua kwamba kijana wa Msalala aliyebeba mkaa miaka kumi anajua kuliko yeye jinsi ya kupita kwenye mchanga bila kuanguka.

Siku ya tatu ni ya picha. Kutoka Geita, Sengerema, hadi Busisi, halafu juu ya Ziwa Victoria kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Pale watu walipokuwa wakisubiri kivuko kwa saa nzima au zaidi, msafara wa baiskeli unaweza kuvuka kwa dakika chache tu. Picha moja ya helikopta ya kundi la waendesha baiskeli juu ya maji yale ingeitangaza Kanda ya Ziwa kuliko mabango mia. Wanamalizia Mwanza, jiji la mawe.

Siku ya nne wanarudi nyumbani: Misungwi, Mabuki, Hungumalwa, Maganzo, Shinyanga. Ukifika Maganzo, Mwadui iko pembeni. Mgodi huo uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, na ndiko ilikotoka almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi yake mwaka 1947.

Hapo ndipo jezi inapopatikana. Italia wana jezi ya waridi kwa sababu ya rangi ya karatasi ya gazeti. Shinyanga wanayo haki ya kuwa na jezi ya waridi kwa sababu ya jiwe lililotoka katika udongo wao na halikurudi. Uzuri mwingine ni kwamba rangi hiyo si ya Msimbazi wala ya Jangwani. Hata mtani hatakataa kuivaa.

Wakati wake ni Juni. Mvua zimeshakatika, barabara zimekauka, pamba inachanua nyeupe mashambani, mavuno yamo ghalani na watu wana nafasi. Ndiyo miezi ambayo kwa desturi Wasukuma hucheza ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ushabiki huku haukuletwa na redio. Wanaujua tangu enzi za mababu. Tena Juni na Julai ndiyo miezi ambayo ligi imelala na shabiki anaishi kwa tetesi za usajili, leo fulani kasaini, kesho kakana. Angalau awe na kitu cha kukiona kwa macho yake.

FEDHA ZIPO, ZINAPITA PEMBENI

Mtu akiuliza fedha zitatoka wapi katika ukanda wa dhahabu, anauliza maji ya kunywa akiwa amesimama ziwani.

Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanaitaka kila kampuni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri husika. Fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na barabara, na ni sawa. Zimeingia kwenye michezo pia: Geita Gold ilipanda kwa nguvu ya mgodi. Kabla ya hapo Stand United ilivaa nembo ya Acacia kifuani, na ilipoanza kugombaniwa kati ya wanachama na kampuni, fedha zile zikawa chanzo cha ugomvi badala ya dawa.

Ukweli mchungu ni kwamba soka la kulipwa hula fedha kila siku. Mishahara, usafiri, kambi, usajili wa dirisha dogo na dirisha kubwa. Mdhamini akikohoa, timu inaugua. Na mgodi hauishi milele. Buzwagi pale Kahama ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ulikwisha. Miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa hakuwa amemaliza shule ya msingi ulipofungwa.

Mbio za baiskeli hazihitaji uwanja. Uwanja umeshajengwa, ni barabara. Hazihitaji kusajili mgeni kutoka ng'ambo kwa mamilioni. Wachezaji wako kwenye foleni ya maji. Kinachohitajika ni baiskeli za mashindano kwa vijana wachache wa kila halmashauri, kofia ngumu, fundi mwenye vipuri vya kweli, kocha, gari la wagonjwa na tarehe isiyobadilika kwenye kalenda. Gharama hiyo ukiilinganisha na msimu mmoja wa timu ya Ligi Kuu, ni ya kuonea haya kutoitoa.

Tena moyo wa baiskeli migodini upo tayari. Kwa zaidi ya miaka ishirini, Geita Gold Mining imeendesha Kili Challenge, ambapo watu hupanda Mlima Kilimanjaro na wengine kuuzunguka kwa baiskeli ili kuchangisha fedha za kupambana na Ukimwi. Ni jambo la heshima. Dhahabu ya Geita imeshazungusha baiskeli chini ya mlima wa watu wengine. Haitakuwa dhambi ikizizungusha nyumbani.

HOJA ZA KUKATAA, NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza ya kijiweni ni kwamba baiskeli ni ya maskini, na hakuna atakayetoka kuangalia umaskini ukishindana. Mwenye hoja hiyo akumbuke Stand United ilizaliwa wapi. Ilizaliwa stendi ya mabasi, kwa vijana wa kazi za stendi, na ilifika ikazifunga timu zenye majengo Kariakoo. Michezo mikubwa yote ilianza kwa watu wasiokuwa na kitu. Waendesha baiskeli wengi wa mwanzo wa Italia walikuwa watoto wa wakulima na wajenzi waliotafuta njia ya kutoka shambani.

Hoja ya pili ni nzito, na haifai kupuuzwa: usalama. Barabara za ukanda huu zina malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, mabasi yanayowahi, bodaboda zisizo na taa, na ng'ombe wasiosoma alama. Hata Italia wamelia. Aprili 2017, Michele Scarponi, aliyewahi kutangazwa bingwa wa Giro ya 2011, aligongwa na gari akiwa mazoezini asubuhi karibu na nyumbani kwake na akafariki. Ikiwa bingwa anakufa barabara ya kwao, mtoto wa Masumbwe anayerudi shule na baiskeli bila taa ana kinga gani?

Lakini hapo ndipo mbio zinapokuwa sehemu ya dawa. Siku ya mbio polisi hufunga barabara kipande kwa kipande, msafara unapita na barabara inafunguliwa. Dereva wa lori akisubiri dakika ishirini mara moja kwa mwaka, anajifunza kwamba mtu wa baiskeli naye ana haki ya lami. Na mkoa ukishaingiza wageni kwa ajili ya baiskeli, hautajenga tena barabara ya mjini bila kuacha njia ya pembeni. Watakaonufaika zaidi ni mama wa madumu na mwanafunzi, ambao hawatavaa jezi ya waridi hata siku moja.

Hoja ya tatu ni ya wanawake: kwamba wao watazame. Waliokuwepo enzi za mbio za Mwanza watacheka. Wanawake wa Kanda ya Ziwa walishindana kwa umbali ambao mwanaume wa mjini angeufikiria mara mbili hata kwa pikipiki. Mbio mpya zikianza bila hatua zao na zawadi sawa, bora zisianze.

NANI AANZE?

Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, hakina ubavu wa kufanya haya peke yake. Mikoa mitatu, Shinyanga, Geita na Mwanza, inatakiwa kukaa meza moja. Hadi mwaka 2012 sehemu ya Geita ya leo ilikuwa ndani ya mikoa hiyo mingine miwili, kwa hiyo hawaitani wageni. Halmashauri za Kahama, Msalala, Geita na Kishapu zina sauti kisheria katika mipango ya migodi. Mstari mmoja tu katika mpango wa mwaka ujao unatosha kuanzia: mbio za kata, kisha za wilaya, kisha kilomita 500.

Si lazima mwaka wa kwanza ziwe siku nne. L'Eroica ilianza na watu wasiofika 100 katika mji ambao wengi walikuwa hawajausikia. Siku moja ya Shinyanga hadi Kahama, mwezi Juni, na mshindi akabidhiwe dume la ng'ombe mbele ya watu, ingetosha kuonyesha kama nyomi ipo au haipo. Wageni wakija, wanywe maziwa na kutafuna michembe na matobolwa, chakula ambacho mkulima wa huku alikula kabla ya safari ndefu zamani sana, kabla vyakula vya wanamichezo havijaanza kuuzwa kwenye pakiti.

Kisichovumilika ni kuendelea kusubiri timu nyingine ipande, ishangiliwe misimu mitatu, kisha ishuke na mdhamini wake. Soka liendelee kupendwa, na siku Chama la Wana au Geita Gold wakirudi, Kambarage na Nyankumbu vijae. Lakini ukanda huu usione haya kuwa na mchezo wa pili unaoujua kuliko wa kwanza.

Dhahabu ya Buzwagi imeshaisha. Almasi ya waridi iliondoka zamani. Asubuhi ya leo, kwenye barabara ya Tinde, kuna kijana anapandisha kilima na magunia mawili ya mkaa nyuma, amesimama juu ya pedali, hana gia, hana kofia, na hakuna anayempima muda. Apatikane mtu wa kumpima.